Hodi Kutoka Ndani

Jumapili, Machi 8

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri, kidogo tu, ya kulitia vumbi adabu. Binti yangu alikuwa hapa tangu asubuhi. Tangu aliposhuka garini nilimwona usoni kwamba hakuja kunisalimia tu. Alikula, akaosha vyombo, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mama, tuongee."

Tukaongea. Baba yake amefariki, mimi naishi peke yangu, miguu si ile, na mwaka jana niliteleza jikoni nikashinda na bandeji wiki nzima. Anataka nihamie kwake. Chumba kipo, kimepakwa rangi, na choo ni cha ndani. Nikamuuliza cherehani yangu itakaa wapi. Akauliza, "Kwani Mama bado unataka kushona?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Ni kama mtu aniulize kama bado nataka kula.

Mwisho tumepatana hivi: nikae hapa mpaka masika yaishe. Yakiisha nami ni mzima, hatanisumbua tena. Likinipata la kunipata, nafunga sanduku bila ubishi. Nimekubali mbele yake, na mimi si mtu wa kula maneno yangu.

Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mbele viuno na mabega ya watu, nyuma mambo yangu.

Jumatano, Machi 11

Binti amepiga simu kumalizia masharti. Mkeka wa sebuleni uondoke. Stuli nisipande. Simu isiwe mbali nami. Na jirani apewe ufunguo wa akiba.

Hapo kwenye ufunguo niliweka ngumu. Jirani mwenyewe ni fundi baiskeli wa nyumba inayotazamana na yangu, amefiwa na mkewe, ana sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Ndiyo maana wanamwita Spika. Simchukii. Lakini nyumba ninayolala na kuogea, mtu mwingine awe na ufunguo wake mfukoni, pamoja na spoku na tyubu? Hapana.

Tukapata njia ya katikati. Spika akienda karakana kila asubuhi atapita mlangoni kwangu apige hodi. Mimi nitaitikia karibu. Akishasikia, aende zake, hana haja ya kuingia. Binti ameridhika, Spika ameridhika, nami nimebaki na mlango wangu.

Alhamisi, Machi 12

"Hodi, Fundi!"

Nilidhani paa limeng'oka. Nikaitikia, "Karibu, Fundi!" Yeye fundi, mimi fundi, hakuna anayemzidi mwenzake. Akaenda.

Alhamisi, Machi 19

Mvua sasa imekaa mkao wa kula. Nina sketi za shule za kushona, zote za marinda. Marinda hayataki haraka: unakunja, unabana pini, unapiga pasi, ndipo unapitisha mshono. Kutunga uzi kwenye sindano kunanichukua muda siku hizi. Nageukia dirishani, nafumba jicho moja, najikaza. Leo uzi ulipita kwenye jaribio la kwanza nikajipongeza kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kunicheka.

Jumanne, Machi 24

Mvua. Hodi. Karibu. Marinda.

Jumatatu, Machi 30

Nimegundua kwamba siku hizi navaa na kuchana nywele kabla ya hodi, ingawa Spika haingii. Sauti yangu tu ndiyo inayotoka, lakini sitaki itoke ikiwa na nywele timutimu.

Binti alipiga jioni. "Hujaanguka, Mama?" Siku hizi ndiyo salamu yake, kabla ya shikamoo. Nikamjibu kwamba sijaanguka, na yeye je? Hakucheka.

Alhamisi, Aprili 2

Leo nimekasirika mpaka pini zimenishinda.

Nilikuwa bafuni hodi ilipokuja. Nina sabuni kichwani, maji yanamwagika, nikasema moyoni nitaitikia nikimaliza. Hodi ya pili. Ya tatu. Natoka bafuni na kanga moja kifuani, naona pazia la dirisha limesogezwa na uso wa Spika uko pale, macho yamemtoka.

Nilimpa vidonge vyake. "Fundi, mama yako hakukufundisha? Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Hata mtoto mdogo anajua."

"Nilidhani umepatwa na jambo, Fundi."

"Nimepatwa na jambo, ndiyo. Nimepatwa na wewe dirishani."

Akaomba radhi, akaondoka kichwa chini. Najua alikuwa na nia njema. Lakini nimekula chumvi nyingi katika nyumba hii bila kuchunguliwa, na sitaanza sasa. Nguo hii ya faragha ndiyo iliyobaki mwilini, na kila mtu anataka kunivua kwa nia njema.

Jumatatu, Aprili 6

Spika anapiga hodi kwa sauti ndogo tangu ile siku. Amenuna. Paa linavuja juu ya meza ya kukatia. Nimeweka ndoo.

Jumapili, Aprili 12

Naandika kitandani. Mkono wa kushoto uko ndani ya plasta mpaka karibu na kiwiko. Wa kulia mzima, kwa hiyo naweza kueleza, na nataka kueleza mwenyewe, kwa sababu kila anayeingia humu anaeleza kwa niaba yangu.

Ilikuwa Jumanne. Niliamka nikakuta ndoo imejaa na maji yametambaa sakafuni, yanaelekea kitambaa cha sare nilichokwisha kukata. Nikaanza kuivuta meza. Sikupanda stuli, sikukanyaga mkeka, sikuvunja sharti ila lile la simu. Mguu uliteleza tu. Nikaanguka kati ya meza na cherehani, mkono chini yangu, na nikausikia ukivunjika. Simu ilikuwa chumbani inachajiwa. Nyonga ilikufa ganzi, nikijaribu kujigeuza naona giza.

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata mawazo yangu siyasikii. Halafu nikasikia hodi.

Sauti ya Spika inapenya mabati. Yangu haipenyi. Niliitikia karibu kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zote zilikuwa mnong'ono. Hodi ya pili. Nikaita jina la Mungu, nikaita Fundi, nikapiga sakafu kwa kiganja. Hodi ya tatu. Kisha kimya, na miguu yake ikienda kwenye matope, chwata, chwata, mpaka ikapotea.

Alifanya kama nilivyomwamuru. Nilimlaani, kisha nikakumbuka maneno ni yangu mwenyewe. Watu wazima watatu tulipanga mambo ya hodi na karibu, na hakuna aliyeuliza itakuwaje siku karibu isipotoka. Binti alidhani ni wazi kwamba hapo mlango utavunjwa. Mimi nilidhani ni wazi kwamba hapo mtu hurudi kwake. Spika alishika la aliyemkaripia mwisho.

Nililala pale. Nilijikojolea, na naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba halikutokea. Nilikuwa nikitazama chini ya cherehani, kwenye kanyagio, ambako sikuwahi kutazama tangu inunuliwe. Kuna vumbi la nyuzi za kila rangi pale. Niliogopa. Sikuogopa kufa, niliogopa kukutwa.

Alasiri mvua ikakatika. Ndipo nikasikia mnyororo wa baiskeli inayokokotwa, tiki tiki tiki, na mtu anajiongelesha. Ni yeye. Wakati ule ningeweza kupiga yowe na mtaa mzima ungejaa mlangoni. Lakini sijui ni aibu, sijui ni mazoea ya maisha. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni:

"Hodi."

Na yeye, bila kufikiri, kama mtu yeyote angefanya, akajibu, "Karibu!" akaendelea na safari.

Mnyororo ukaenda kidogo, ukasimama.

"Nani amepiga hodi?"

"Mimi, Fundi."

"Uko wapi?"

"Ndani."

"Sasa mtu wa ndani anapigaje hodi?"

"Niko chini, Fundi. Nimeanguka tangu asubuhi."

Nikasikia baiskeli ikiangushwa. Akaja mlangoni, akasukuma, komeo likagoma. Halafu, na hili sitalisahau, akasimama. Nilisikia anavyohema. Akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Fundi, nataka kuingia. Nikaribishe."

"Karibu," nikasema. Akaupiga mlango kwa bega, mara ya pili ukafunguka.

Alipoona hali yangu aligeuza uso, akavuta kitambaa cha sare kutoka mezani, akanifunika huku anatazama ukutani. Kitambaa cha mteja. Sikumkataza.

Jumatano, Aprili 15

Binti yuko hapa, ameomba ruhusa kazini. Hakusema "nilikwambia." Ingekuwa afadhali angesema. Amemleta mama wa kazi, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu, atakayekaa nami mchana mpaka masika yaishe. Baada ya hapo nahamia kwa binti. Ndivyo tulivyopatana, na likinipata la kunipata limenipata.

Jumatatu, Aprili 20

Mama wa kazi haijui hodi. Chumbani anaingia, bafuni anaingia, nikiwa nimekaa chooni anaingia kuuliza vitunguu viko wapi. Ananiita Bibi, na yeye mwenyewe ana mvi kuliko mimi. Mkasi wangu wa kitambaa amekatia mifuko ya maziwa. Cherehani ameifunika shuka jeupe, tena akalichomeka vizuri pembeni. Ndivyo tulivyomfunika baba yake binti.

Mlango hauna komeo tangu Spika auvunje, umefungwa kwa kamba. Kila mtu anapita. Hii si nyumba tena, ni kituo cha basi.

Spika haji. Nasikia baiskeli yake inapita upande wa pili wa barabara.

Alhamisi, Aprili 23

Niliamka alfajiri kunywa maji, nikamkuta binti yangu amelala sebuleni, kwenye godoro chini, kichwa kikigusa mlango wa chumba changu. Nilidhani analala chumba cha nyuma. Kumbe kila usiku anahamia pale, ili nikitoka nimkanyage.

Akaamka. Nikamwambia arudi kitandani, mimi si mfungwa. Akakaa juu ya godoro, nywele zimelala upande, akawa tena na miaka saba.

"Mama, siogopi ufe. Sote tutakufa. Naogopa uwe chini, unasubiri, na mimi niko ofisini nacheka na watu. Siku ile nilikuwa nacheka. Tulikuwa tunakata keki ya mwenzetu. Wewe umelala hapo, mimi nakula keki."

Siku zote hizi nilimwona kama askari aliyetumwa kunichukua. Nilikaa naye pale chini kwa taabu, kuinuka ilikuwa taabu zaidi, na tulipojaribu tuliangukiana tukacheka kidogo. Halafu akalia. Nami nililia.

Jumatatu, Aprili 27

Binti amerudi kazini. Amesema atakuja masika yakiisha, na sanduku liwe tayari. Mama wa kazi amelipanga, limesimama kwenye ujia karibu na mlango. Nikipita linanigonga goti.

Jumatano, Aprili 29

Leo nimemwambia mama wa kazi wazi: bafuni apige hodi. Nilitegemea anune. Akatoa macho, akasema, "Samahani Bibi, sikuzoea. Mimi nilipopanga ni chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nani atapiga hodi kwenye pazia?" Akasema hajawahi kukaa mahali penye mlango wake mwenyewe, tangu kwa wazazi mpaka kwa mume mpaka sasa. Aliongea huku anakuna nazi, wala hakuwa analalamika.

Baadaye nikiwa naoga nikasikia, taratibu, "Hodi, Bibi." Nikauliza kuna nini. "Hakuna kitu. Nilikuwa najaribu."

Jumapili, Mei 3

Nimemtumia Spika ujumbe aje atengeneze mlango aliouvunja. Amekuja na bawaba mpya, na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Nilimwambia komeo asilirudishe. Aweke kitasa cha ufunguo, na funguo zichongwe: wangu, wa binti, wa mama wa kazi, na wake.

Akaacha kukaza skrubu. "Wangu mimi?"

"Wako. Utapiga hodi tatu. Nikiitikia, nenda zako. Nisipoitikia, fungua uingie, hata kama niko na sabuni kichwani. Nitakugombeza, lakini utaingia."

Akamaliza kazi. Akaweka ufunguo mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko, akaupapasa.

Jumamosi, Mei 9

Nimefanya upumbavu. Nilitaka kujua kama mpango unafanya kazi, kwa hiyo Spika alipopiga hodi nikakaa kimya kwenye kiti, nimekunja mkono wangu wa plasta. Moja, mbili, tatu. Ufunguo ukahangaika kwenye tundu, haukuingia, ukaanguka, ukaokotwa. Mlango ukafunguka. Alikuwa ameshika kofia kifuani, midomo imekauka.

Akaniona. "Ulikuwa unanijaribu?"

"Nilikuwa naujaribu mlango."

Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Fundi, usinifanyie hivi tena. Tangu siku ile silali vizuri. Nasikia hodi usiku, naamka najibu karibu, peke yangu, kwenye giza. Nilikuacha chini mchana kutwa."

"Nilikuamuru."

"Uliniamuru, ndiyo. Lakini masikio yalikuwa yangu."

Nimemwomba radhi, na nimemwomba kwa dhati. Mama wa kazi akatuletea chai. Tulikunywa wote watatu, na shuka nimelivua kwenye cherehani.

Jumamosi, Mei 16

Plasta imetolewa. Mkono umesinyaa, vidole havikunji vizuri, na daktari anasema huenda visirudi kama zamani. Kushona kunataka mikono miwili: wa kulia unaanzisha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa. Nilijaribu mshono mmoja ulionyooka, ukaenda segemnege.

Mama wa kazi alikuwa amesimama nyuma. "Nikushikie?" Akavuta stuli, akaketi kushotoni kwangu, akaweka mkono wake wa nguvu juu ya kitambaa. Nikamwambia usivute, usisukume, ufuate tu. Tuliharibu rinda la kwanza na la pili. La tatu lilisimama. "Tumeweza, Fundi," akasema. Sijui Bibi ilianguka wapi, sikuiokota.

Jumatano, Mei 20

Nimemweleza binti kwa simu: funguo nne, wake nimeshautuma kwa basi, hodi tatu, Spika asubuhi, mama wa kazi mpaka alasiri, paa limezibwa. Nikasema pia kwamba nakumbuka nilichoahidi. Akisema nifunge, sanduku limefungwa. Sitabishana.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nitakuja Jumapili, Mama."

Ijumaa, Mei 22

Jua siku ya tatu mfululizo. Matope ya barabarani yamekauka na alama za matairi ya Spika humo ndani. Sijawahi kulichukia jua namna hii.

Jumapili, Mei 24

Nilivaa mapema. Nilimalizia kifungo cha shati la mteja ili mikono isikae bure. Nilitazama kila kitu kama mtu anayepima: meza, kiti cha wateja, dirisha la kutungia uzi, kanyagio. Kama ni kuondoka, nilitaka niondoke nikiwa nimevitazama.

Gari likaja. Mlango wa gari ukafungwa. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, mwendo ninaoujua tangu alipojifunza kutembea humu humu. Nikasubiri ufunguo uingie kwenye kitasa.

"Hodi."

Sikuelewa. Mtoto hapigi hodi kwao. Binti yangu amezaliwa katika nyumba hii, ameingia kwa mlango huu akikimbia, akilia, akiwa na matope, akiwa na mchumba, na hajawahi hata siku moja kupiga hodi. Hata wiki zile za plasta alikuwa akisukuma tu.

"Umepoteza ufunguo?" nikauliza kutoka kitini.

"Ninao, Mama. Uko mkononi."

"Basi si uingie."

"Hapana," akasema. "Nimepiga hodi kwako. Nasubiri unikaribishe."

Nilikaa na sindano mkononi. Nilifurahi, na hapo hapo nikahuzunika, kwa sababu nimeipata nyumba yangu na mwanangu amesimama nje yake kama mgeni. Nikachomeka sindano kwenye shati. Nikashika meza, nikainuka.

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Ngoja nikufungulie."

Sanduku lilikuwa njiani. Nikalizunguka, mkono ukutani. Nilichukua muda kufika. Alisubiri.